Upepo wa wastani, mapigo makali: uchambuzi wa kisa cha kuezeka ukumbi wa kijiji

Usuli

Kisa hiki kinahusu kijiji kidogo chenye kaya zisizofika 200, kilichojengwa kwenye ardhi tambarare chini ya safu ya vilima. Majina ya watu na ya mahali pamoja na tarehe vimeondolewa. Safu hiyo ina pengo moja upande wa kaskazini mashariki, mahali ambapo vilima viwili vinaachana na kubakiza njia nyembamba inayoelekea moja kwa moja kijijini. Upande wa magharibi kuna mwinuko mrefu wenye miti mingi. Mji ulio karibu zaidi uko umbali wa kilomita 30 hivi, katika uwanda ulio wazi pande zote, na utabiri wa hali ya hewa ambao wanakijiji walizoea kuusoma kwenye simu ulikuwa wa mji huo.

Wanakijiji walikuwa wakijenga ukumbi kwa nguvu zao wenyewe. Kuta zilikuwa zimekamilika, kenchi zilikuwa zimesimamishwa na papi, yaani mbao za kushikilia mabati, zimepigiliwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kuezeka mabati. Kamati ya ujenzi ilimteua fundi mmoja mzoefu kuongoza kazi ya juu ya paa, kisha ikamkabidhi kijana mmoja, aliyekuwa na mazoea ya kufuatilia hali ya hewa, jukumu la kuangalia utabiri kila jioni na kuiarifu kamati. Hakukuwa na kipima upepo, wala hakukuwa na makubaliano yoyote juu ya nani angesimamisha kazi endapo upepo ungeongezeka.

Utabiri uliosomwa na ule ambao haukusomwa

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya kuezeka, kijana aliripoti kwamba upepo ungevuma kwa kilomita 18 kwa saa kutoka kaskazini mashariki, bila mvua. Ripoti hiyo ilikuwa sahihi kwa yale yaliyoonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa programu ya simu. Hata hivyo, kwenye jedwali la saa kwa saa, ambalo hufunguka tu pale mtu anapobonyeza siku husika, kulikuwa na safu iliyoonyesha kwamba kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri mapigo ya upepo yangefika kilomita 46 kwa saa. Kijana alikuwa amelihifadhi jedwali hilo kama picha kwa ajili ya safu ya mvua, na ni picha hiyo iliyowezesha jambo hili kujulikana baadaye.

Namba hizo mbili hazipingani. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kasi ya upepo inayotangazwa ni wastani wa dakika 10, katika kimo cha mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Ndani ya dakika hizo 10 upepo hupanda na kushuka mara nyingi. Pigo la upepo ni ile kasi ya juu kabisa inayodumu kwa sekunde 3 hivi. Mtu anayeanika nguo anaweza kutosheka na wastani, lakini aliyesimama juu ya papi huku ameshika bati anakabiliana na zile sekunde 3.

Mfululizo wa matukio

Kazi ilianza saa 1 asubuhi. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, moshi wa majikoni ulipanda wima, na utulivu huo ulichukuliwa na wengi kuwa uthibitisho kwamba utabiri ulikuwa mzuri. Hadi saa 4 kasoro robo upande mmoja wa paa ulikuwa umefunikwa kwa zaidi ya nusu. Mabati mengine yalikuwa yamepandishwa mapema na kulazwa juu ya papi bila kufungwa, ili mafundi wasipoteze muda wa kuyapokea moja moja kutoka chini.

Baada ya saa 4 upepo ulianza kuja kwa vipindi. Ulivuma, ukanyamaza kwa dakika mbili au tatu, kisha ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kijana, aliyekuwa chini akipokeza mabati, alimwita fundi na kumwambia, “Fundi, vilele vya miti pale pengoni vinayumba sana, tupumzike kwanza.” Fundi alijibu, “Yamebaki machache, mwanangu, tumalizie upande huu.” Hakuna aliyeongeza neno.

Muda mfupi kabla ya saa 5, bati lililokuwa limepigiliwa misumari upande wa kofia, yaani kileleni mwa paa, peke yake lilianza kutetemeka kwenye ukingo wa chini. Kwanza lilitoa mlio mwembamba wa mfululizo, kisha ukingo ukainuka kiasi cha upana wa kiganja na kurudi kugonga papi, mara tatu au nne, kila mara ukiinuka zaidi. Fundi aliyekuwa karibu alilala juu yake kwa kifua ili alizuie. Pigo lililofuata halikuling’oa bati hilo. Liliyainua mawili kutoka kwenye rundo lililolazwa bila kufungwa. Moja liliteleza ndani ya jengo. La pili liliruka, likamkata mkono mtu mmoja aliyekuwa kwenye jukwaa, kisha likaanguka mbali na ukuta. Jeraha lilihitaji kushonwa na lilipona vizuri. Kazi ilisimama hapo hapo.

Hakuna aliyepima upepo wa siku hiyo. Kwa maelezo ya walioshuhudia, miti mizima ilikuwa ikitikisika na kutembea kuukabili upepo kulikuwa kwa taabu. Hizo ni dalili za daraja la 7 katika kipimo alichokibuni Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, ambacho baadaye kiliongezewa dalili za nchi kavu. Daraja hilo huanzia kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Makadirio ya mapigo ya kilomita 55 kwa saa yanaelekea kuwa karibu na ukweli.

Uamuzi uliofuata

Siku mbili baadaye kamati ilikutana. Kauli ya kwanza iliyotolewa, na iliyoungwa mkono na wengi, ilikuwa kwamba utabiri hauaminiki na kwamba ni afadhali kuangalia anga kama wazee walivyofanya. Kijana alitoa picha aliyoihifadhi na kuonyesha safu ya mapigo. Hapo mjadala ukabadilika: utabiri ulikuwa umetaja hatari, ingawa kwa kiwango pungufu, na anga la asubuhi, ambalo wote waliliangalia, halikuonyesha chochote.

Kamati iliamua mambo matatu. Kuezeka kungeahirishwa. Kipima upepo kidogo cha mkononi kingeazimwa. Na kwa muda wa wiki 10, huku mafundi wakifanya kazi za ndani, kijana angeandika katika daftari moja kile kilichotabiriwa na kile kilichopimwa, kila siku saa 1 asubuhi, saa 5 na saa 9 alasiri. Uamuzi wa kuchelewesha kazi kwa wiki 10 ulipingwa na baadhi ya wajumbe, kwa hoja yenye uzito kwamba kuta zisizo na paa huharibiwa na mvua. Mwenyekiti aliushikilia kwa sababu moja: hakuna mtu yeyote pale ambaye angeweza kuwaambia mafundi ni siku ipi salama.

Daftari lilichoonyesha

Kurasa za mwanzo zina makosa yanayofundisha. Kipima upepo kilionyesha mita kwa sekunde, utabiri ulionyesha kilomita kwa saa, na kwa siku kadhaa namba 8 iliandikwa na kuonekana ndogo, ilhali mita 8 kwa sekunde ni kilomita 29 kwa saa, kwa kuwa namba hiyo huzidishwa kwa 3.6. Pia mshale wa kwenye ramani ulieleweka kinyume. Utabiri unaposema upepo wa kaskazini mashariki unataja unakotoka, wakati mshale katika programu hiyo ulichorwa ukielekea unakokwenda. Aidha, vipimo vya mwanzo vilichukuliwa kwa kusimama chini karibu na ukuta, mahali ambapo upepo hupungua sana, hadi fundi mwenyewe aliposhauri kwamba vipimo vichukuliwe juu ya jukwaa, penye kimo cha paa, kwa sababu huko ndiko kazi inakofanyika.

Mambo hayo yaliporekebishwa, sura mbili zilijitokeza. Siku ambazo upepo ulitabiriwa kutoka kaskazini mashariki, pigo kubwa lililopimwa kijijini lilizidi lile lililotabiriwa kwa mji, mara nyingi kwa robo na wakati mwingine kwa nusu yake. Siku za upepo wa magharibi hali ilikuwa kinyume: kijiji kilipata upepo hafifu kuliko utabiri, ingawa uliyumba sana mwelekeo. Utabiri ule ule, wenye namba zile zile, ulimaanisha mambo mawili tofauti kutegemea upepo ulikotoka.

Sura ya tatu ilikuwa ya saa. Vipimo vya saa 1 asubuhi vilikuwa karibu vyote vidogo, hata siku ambazo saa 5 zilikuja na mapigo makali.

Awamu ya pili na matokeo

Kwa msingi wa daftari, kamati iliweka utaratibu mpya. Jioni, kijana husoma safu ya mapigo na mwelekeo; upepo ukiwa wa kaskazini mashariki, huongeza nusu ya namba iliyotabiriwa, kwa kuchukua makadirio mabaya zaidi badala ya yale ya kati. Endapo jibu linazidi kilomita 30 kwa saa kwa saa fulani, hakuna bati linaloshikwa katika saa hiyo. Kazi huanza mara kunapopambazuka na kila mtu huwa ameshuka ifikapo saa 3:30, hata kama hewa imetulia. Bati halipandishwi kabla ya lililotangulia kupigiliwa pande zote. Na jambo la mwisho, ambalo lilimgharimu mwenyekiti mazungumzo marefu na fundi: mtu anayeshika kipima upepo akisema “shukeni”, wote wanashuka, na hoja hujadiliwa chini.

Paa lilikamilika kwa asubuhi nyingi fupi badala ya siku chache ndefu, bila mtu mwingine kuumia. Kazi ilisimamishwa kwa amri mara chache, na mojawapo ya hizo upepo haukuja. Watu walikaa chini asubuhi nzima ya utulivu na manung’uniko yakasikika. Fundi ndiye aliyeyamaliza, kwa kusema kwamba asubuhi moja iliyopotea inaweza kufidiwa.

Hasara moja ilitokea. Alasiri moja, mafundi wakiwa wameshaondoka, wingu la mvua ya radi lilijengeka nyuma ya mwinuko wa magharibi. Mvua haikufika kijijini, lakini upepo wa baridi ulitangulia ghafla, ukaangusha sehemu ya jukwaa na kutawanya mabati yaliyorundikwa chini bila kufungwa. Hakukuwa na mtu eneo hilo.

Uchambuzi

*Namba moja haitoshi.* Nguvu ya upepo juu ya kitu bapa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na hili ndilo ambalo macho hayawezi kulikadiria. Tuchukue bati la eneo la mita 2.4 za mraba lililoinuliwa likakabili upepo kwa uso wake wote. Kwa kilomita 18 kwa saa, msukumo wake unakaribia uzito wa kilo 3.7, ambao mtu mmoja anaumudu bila shida. Kwa kilomita 55 kwa saa, msukumo huo unafika uzito wa takribani kilo 34, na unakuja kwa sekunde chache kwa mtu aliyesimama juu ya ubao mwembamba. Kasi imeongezeka mara tatu, nguvu imeongezeka zaidi ya mara tisa. Kamati iliyoambiwa “kilomita 18” ilikuwa imeambiwa ukweli usioihusu kazi yake.

*Utabiri wa mji si utabiri wa kijiji.* Modeli, yaani programu za kompyuta zinazotoa utabiri wa dunia nzima, huigawa ardhi katika miraba. Ile ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Masafa ya Kati ina miraba ya kilomita 9 hivi, na ile ya Marekani iitwayo GFS ina miraba ya kilomita 13 hivi. Kilima na bonde vilivyomo ndani ya mraba mmoja huchanganywa kuwa mwinuko mmoja wa wastani, na pengo lenye upana wa mita mia chache halionekani kabisa. Hewa inayolazimishwa kupita penye wembamba huongeza kasi, na kijiji kilicho kwenye mdomo wa pengo hupokea kasi hiyo kabla haijatawanyika. Kubadilisha jina la mji kwenye programu na kuweka la kijiji kusingesaidia sana, kwa kuwa programu nyingi zingechukua namba za mraba ule ule au wa jirani na kuziandikia jina jipya. Kilichosaidia ni kulinganisha, siku baada ya siku, mwelekeo kwa mwelekeo.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa ya kisa hiki. Watu wengi wakikuta utabiri umekosea hugawanyika makundi mawili: wanaoendelea kuuamini kama ulivyo na wanaouacha moja kwa moja. Kijiji hiki kilitambua kwamba kosa lenye mpangilio ni taarifa. Utabiri unaozidiwa na mapigo halisi ya kaskazini mashariki kwa robo hadi nusu yake, tena karibu kila mara, unatumika vizuri kuliko ule unaokosea ovyo, mradi tu mtu ameandika vya kutosha kuujua mpangilio wenyewe.

*Utulivu wa asubuhi ni sehemu ya tatizo.* Usiku wa anga safi ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia ikawa nzito. Tabaka hilo la baridi hutulia chini, hasa penye bonde, na upepo wa juu hupita bila kuligusa. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kupanda na kushuka, na tabaka lile huvunjika. Upepo uliokuwa ukivuma mamia ya mita juu hushushwa hadi usawa wa paa, tena kwa vipande. Ndiyo maana mapigo ya siku ile yalikuja kwa vipindi na kuanza baada ya saa 4. Moshi uliopanda wima saa 1 ulieleza hali ya tabaka la chini tu. Utaratibu wa kumaliza saa 3:30 ulifanikiwa kwa sababu uliheshimu mpangilio huu wa mchana, na naamini ungekuwa na faida hata bila kipima upepo.

*Aliyeiona hatari hakuwa na mamlaka.* Kijana aliona vilele vya miti pengoni vikiyumba na akasema. Fundi alisikia na akajibu kwa upole. Hapakuwa na uzembe wala dharau. Kulikuwa na kazi iliyokaribia kwisha, na ombi la kupumzika lililotolewa na mdogo kwa mkubwa, ambalo adabu yenyewe ilizuia kurudiwa mara ya pili. Katika mazingira ya namna hiyo hata utabiri kamili usingezuia ajali, kwa kuwa uamuzi ulibaki kwa yule ambaye mikono yake ilikuwa na shughuli na macho yake yalikuwa kwenye misumari. Kumpa aliye chini neno moja lisilojadiliwa kuliondoa mzigo huo kwa wote wawili: kijana hakuhitaji kumpinga mkubwa wake, na fundi hakuhitaji kukiri kwamba alikosea kukadiria. Nimeona maelezo ya visa vya aina hii yakiishia kwenye vipimo na ramani. Sehemu hii ni muhimu kuliko zote mbili.

*Kilichoshindikana.* Utaratibu mpya ulitungwa kwa ajili ya watu walio juu ya paa na ukasahau vitu vinavyobaki baada yao. Jukwaa liliangushwa saa ambayo kanuni ilihesabu kuwa salama kwa sababu tu hakukuwa na mtu juu. Kufunga rundo la mabati kwa kamba na kulikandamiza kwa mifuko ya mchanga kungechukua dakika chache kila asubuhi, na kamati iliongeza jambo hilo baada ya hasara.

Upungufu wa pili ni mgumu zaidi. Hesabu ya kuongeza nusu inafaa kwa upepo mpana unaosukumwa na mfumo wa hali ya hewa na kubanwa na vilima. Haifai kwa upepo wa mvua ya radi, ambao asili yake ni tofauti: hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu huanguka, hugonga ardhi na kutambaa pande zote, na ukingo wake unaweza kufika kilomita nyingi mbele ya mvua yenyewe. Modeli zenye miraba mipana hazina uwezo wa kusema ni kijiji kipi utapita wala ni saa ngapi. Siku ile utabiri ulikuwa umetaja uwezekano wa radi alasiri, bila namba yoyote kubwa ya mapigo, na daftari la wiki 10 halikuwa na tukio hata moja la aina hiyo la kulinganisha. Kwa siku za namna hiyo kamati sasa haihesabu chochote. Neno “radi” likitajwa kwenye utabiri, kila kitu hufungwa asubuhi, na baada ya hapo hutazamwa dalili za karibu: wingu jeusi lenye kitako bapa, upepo unaokatika ghafla, baridi inayoingia mchana wa joto, na vumbi linaloinuka kwa mstari upande ambao upepo haukuwa ukitokea. Kati ya dalili hizo na pigo la kwanza huwa kuna dakika chache tu, zinazomtosha mtu kushuka ngazi na kuondoka karibu na jengo, lakini hazitoshi kupigilia bati lililoachwa nusu.